Jina la Manamba Halikuwa la Mdomo Wangu

Nimekosa, na nilikosa mbele za watu, kwa hiyo naungama mbele za watu. Jina langu nalificha, ingawa hapa Nguvumali ukiuliza mwenye matofali imara utaletwa mlangoni kwangu.

Shule niliiacha darasa la nne. Nimesukuma mkokoteni, nimechanganya zege kwa mikono hii, leo nyumba za maana za mtaa huu zimesimama kwa matofali yangu. Nasema hivi mjue ugonjwa ulianzia wapi. Mtu aliyejijenga mwenyewe huona kila mlango ni wake.

Binti yangu aliposwa na kijana wa Pongwe. Babu yake kijana aliletwa kutoka bara kukata mkonge, enzi zile wakata mkonge wakiitwa kwa namba badala ya majina. Watu wa hapa wakawaita manamba, na hilo lilikuwa tusi. Mtoto wa manamba hakuozwa kwetu.

Sasa nenda leo nyumbani kwao. Mkwe mwenzangu, baba wa kijana, na ndugu zake wanaitana jina hilo hilo wakicheka. "Manamba, umekula?" "Nile nini, manamba, na wewe umekomba chungu?" Nilikaa nao barazani, nikanywa kahawa yao, nikajiona mwenyeji.

Siku ya harusi bwana harusi alipofika, mlango ulifungwa kama desturi. Kwetu mwenye kuzuia mlango na kuwatania wageni ni bibi wa bi harusi, yaani mama yangu. Baba mtu hana utani na wakwe, ana heshima tu. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini mama sauti yake ndogo, na kipaza sauti nilikikodi mimi. Nikamsogeza kando.

"Nani hao?" nikanguruma. "Manamba? Mkonge uko kule, huku kuna waridi langu."

Watu wangu wakacheka. Upande wa pili vigelegele vikakatika.

Mkwe mwenzangu akanisogelea taratibu. "Mkwe, unasemaje?"

"Utani huo, mkwe. Si mnaitana wenyewe?"

"Tunaitana. Baba yetu aliitwa hivyo mpaka anazikwa, tukaona bora jina tulifuge nyumbani lisitung'ate tena. Na baba yako, mkwe, shambani alikuwa nani?"

Nikashusha kipaza sauti. Baba yangu alikuwa mnyapara wa wakata mkonge. Jina la manamba nililisikia kinywani mwake kabla sijajua kusoma, na yeye hakuwa akicheka.

Ndoa ilifungwa. Pilau langu walilisifu kwa mbali, hawakuligusa. Binti yangu aliniambia neno moja akiondoka: "Baba, mie ndiye ninayekwenda kuishi nao."

Mama naye hakuniacha. "Mlango ule ulikuwa wangu, mwanangu. Ningewatania mpaka wakalia kwa kicheko, na neno lile nisingeligusa."

Jamani, kiburi. Nilikwepa Pongwe mpaka mjukuu wangu akaanza kutembea sijamwona. Akaanza kusema, sijamsikia.

Juzijuzi nikajikaza, nikaenda na mbuzi.

"Mbuzi wa nini?" mkwe mwenzangu akauliza.

"Wa kuomba radhi."

"Mbuzi hajakosa, mkwe. Omba wewe."

Nikaomba, kwa mdomo mtupu, bila kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ndani. "Manamba mdogo, njoo umwamkie babu yako."

Mtoto akaja, akanipa shikamoo, akanikagua. "Babu, na wewe manamba?"

Baraza zima likanikazia macho. Binti yangu akaacha kumimina kahawa.

"Hapana, mjukuu wangu," nikasema. "Mie sijaandikwa kazi."

Mkwe mwenzangu alicheka mpaka kikombe kikamponyoka. "Panga liko nyuma ya nyumba, mkwe. Anza na majani."

Nikafyeka, na shati langu la Ijumaa mwilini, binti yangu akinionyesha nilipobakiza.

Wenzangu, mkikuta watu wanalichekea jina lililowaumiza, chekeni nao, nyweni kahawa, rudini kwenu. Jina liacheni pale pale barazani. Msijidanganye kwamba kuoleana kunawapa ruhusa. Yule mtoto ana damu yangu, na anajiita manamba kutwa nzima, hakuna wa kumkataza. Yeye jina ni lake. Mimi changu ni panga.