Mpinzani Aliyemwonjea Nzilani Mchuzi

Jua halijachomoza Emali, lakini moshi unatoka jikoni, kwenye mkahawa wa Mama Gathoni. Nzilani Kivuva anageuza muthokoi kwenye sufuria kubwa, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, huku Wanjiro Gachanja akisukuma chapati kando yake. Nje, madereva wa malori wananawa mikono kwenye mtungi.

"Wanjiro, hiyo ya kwanza ni ya Mbuvi. Ana haraka ya kufika Mombasa," anasema Nzilani.

"Mbuvi ana haraka tangu nimjue. Angoje iive."

Wanapika pamoja mwaka wa pili sasa. Mgeni anayewaona wakitaniana hivi anaweza kudhani ni marafiki wa utotoni. Ukweli ni kwamba walikutana wakishindana, na mmoja alishinda safari ambayo pengine ingekuwa ya mwenzake.

Nzilani, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, ni mzaliwa wa Matiliku. Alijifunza kupika wakati wa njaa ya mwaka 1984, akiwa bado msichana wa shule ya msingi, mahindi ya manjano ya msaada yalipokuwa ndiyo chakula cha kila siku. Wadogo zake walikataa kuyala. "Nilikuwa naweka ukwaju, naweka majani ya kunde, chochote nikipata. Bora wale," anasema.

Alipomaliza kidato cha nne alikuja Emali akaajiriwa na Mama Gathoni, mjane kutoka Murang'a ambaye marehemu mumewe alifanya kazi ya reli hapa. Mshahara ulikuwa shilingi mia nane kwa mwezi, pamoja na chakula na pa kulala.

Siku moja mwaka 1995, mpishi wa hoteli moja ya watalii kule Amboseli, Bwana Muturi, alisimama pale kula akielekea kazini. Aliagiza mbuzi wa ukwaju. Akaagiza tena. Kisha akauliza ni nani amepika.

"Nilidhani amepata jiwe kwenye chakula," Nzilani anakumbuka na kucheka. "Kumbe anataka kuniambia kuna mashindano Nairobi, ya wapishi wasiofika miaka ishirini na mitano. Wawili watakaoongoza wapelekwe Ayalandi, wafanye kazi hotelini miezi sita."

Mama Gathoni alimnunulia aproni mpya na kumwombea. Nzilani akapita mchujo wa Machakos, akajikuta fainali, katika jiko la chuo kimoja cha hoteli jijini Nairobi. Washindani walikuwa sita. Kila mmoja alipewa kapu lenye nyama ya ng'ombe, vitunguu, karoti na nusu chupa ya mvinyo mwekundu. Mchuzi ulipaswa kupikwa kwa mvinyo huo.

Nzilani aliitazama ile chupa. Katika kanisa lao pale Matiliku, hata meza ya Bwana hutumia juisi. Alikuwa ameahidi mbele ya washirika wote kwamba pombe haitapita mdomoni mwake.

"Kupika nayo nilisema sawa, ni kazi. Lakini kuonja? Na mpishi asiyeonja anapika akiwa kipofu."

Akamwendea mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, akamweleza. Yule mama alifikiri kidogo, kisha akasema, "Sufuria ya mwenzako huruhusiwi kugusa. Kuonja si kugusa. Ukipata wa kukuonjea, shauri yenu."

Nzilani aliuliza kwa sauti kama kuna atakayemsaidia. Wanne waliinamia vyungu vyao. Wa tano, msichana wa jiko la jirani aliyetoka Karatina, alichukua kijiko chake akaja.

"Ni kali," Wanjiro alimwambia baada ya kuonja. "Mvinyo haijaiva. Toa kifuniko, iache ichemke. Na chumvi bado."

Alirudi mara nyingine kabla muda haujaisha, akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa iko sawa. Usiongeze kitu."

Matokeo yaliposomwa, kijana mmoja kutoka Mombasa alikuwa wa kwanza, Nzilani wa pili. Wanjiro alikuwa wa tatu, kwa tofauti ya pointi mbili.

Wanjiro, akiendelea kusukuma chapati, hafichi yaliyompata siku hiyo. "Nililia chooni. Nikanawa uso, nikatoka, nikamsaidia kubeba mzigo wake mpaka stendi. Kujuta? Nilijuta sana, wiki nzima. Lakini ningemwambia iko sawa na haiko, huo uongo ningekuwa nao mpaka leo."

Nyumbani nako kulikuwa na kesi. Habari kwamba binti wa Mutindi amepika kwa pombe ilifika Matiliku kabla yake, na wazee wa kanisa wakamwita. Mutindi, mamaye, hakumwacha aende peke yake.

"Mwaitu alisimama," Nzilani anasimulia, akimtaja mamaye kwa Kikamba. "Akawaambia, 'Mtoto wangu alipika chakula na akaunyima mdomo wake mwenyewe. Nani hapa amewahi kufanya hivyo?' Halafu mzee Kiilu akauliza polepole, 'Na hiyo nyama ilikuwa inanukia aje?' Hapo hata mchungaji alicheka."

Kesi iliishia kwa maombi ya safari njema.

Ayalandi ilimpokea kwa mvua. Hoteli ilikuwa kando ya ziwa, na kwa majuma mengi alimenya viazi tu. Baadaye aliwekwa kwenye supu, kisha mikate na samaki. Jioni, chumbani, alikuwa akijisikia vibaya kwa jambo ambalo hakuweza kumweleza mtu yeyote pale.

"Kila nikijifunza kitu nilikuwa nasema, hiki kilikuwa cha Wanjiro."

Kabla ya kurudi alitumia akiba yake kununua visu vya jikoni, seti mbili. Aliposhuka Nairobi hakuelekea Emali. Alipanda basi la Karatina, akaulizia chuo ambacho Wanjiro alikuwa akiwapikia wanafunzi, akamkuta ugani akichambua maharagwe.

"Mimi nilifikiri amekuja kujionyesha," anasema Wanjiro. "Akafungua begi akanipa visu, akaanza kulia. Nikamwambia, wewe, wanafunzi wanatuangalia. Shika maharagwe."

Walichambua pamoja. Kabla hawajamaliza gunia, Nzilani alikuwa amemweleza kwamba miguu ya Mama Gathoni inamsumbua na jiko la Emali linahitaji watu wawili. Wanjiro akaja kutazama kwa mwezi mmoja. Hajaondoka.

Mambo hayakunyooka mara moja. Madereva waliletewa supu ya karoti wakaitazama kama dawa. "Nyama iko wapi?" Mbuvi aliuliza siku ile, na bado huuliza kwa mzaha. Lakini anaimaliza, na magari ya watalii yanayokwenda Amboseli yameanza kusimama pale kwa supu hiyohiyo.

Mwezi ujao mashindano yanafanyika tena. Wanjiro ana miaka ishirini na minne. Hii ndiyo mara yake ya mwisho. Hakutaka kwenda. Alisema ametulia, kazi ipo, aachwe. Nzilani akasisitiza, wakagombana, na kwa siku mbili walikuwa wakizungumza kupitia kwa Mama Gathoni.

"Niliwaambia nimechoka kuwa simu," anasema bibi huyo akiwa ameketi mlangoni. "Mmoja anasema, 'Mwambie anipe mwiko.' Na mwiko uko mbele yake!"

Wanjiro alikubali siku ya tatu. Sasa kila alasiri, wateja wanapopungua, Nzilani anamfundisha alichokileta kutoka ng'ambo. Wana mpango pia wa kukodisha ghala lililo jirani, wavunje ukuta, waweke meza zenye vitambaa na waajiri wasichana wengine wawili.

Mpango huo utangoja kama Wanjiro atashinda. Nzilani analijua hilo.

"Akienda nitaumia mimi," anasema, akifuta mikono kwa aproni. "Miezi sita, jiko hili na mimi peke yangu. Nitamkosa sana. Lakini naomba ashinde. Kila asubuhi naomba, kabla hatujawasha moto."

Wanjiro anageuza chapati bila kuinua macho.

"Anaomba kwa Kikamba ndio nisielewe," anasema. "Lakini jina langu nalisikia."