Mimi Nilisamehe Ukuta, Yeye Akatengezewa Bampa

Mhariri, jina langu lifiche, ingawa watu wa mtaa wetu wa Ndia Kuu wakisoma mistari mitatu tu watanijua. Wanijue. Nina miaka thelathini na sita, mume na watoto watatu, na nimekasirika.

Nyumba tunayoishi ni yangu, niliachiwa na marehemu mamangu. Ni nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, ya ghorofa moja, na mume wangu alihamia humo tulipooana. Ndugu yake, yaani shemeji yangu, ana pikapu ya kupelekea vitunguu sokoni Marikiti. Miezi miwili iliyopita alikuja kumchukua ndugu yake, na wakati wa kuondoka akarudi nyuma huku amegeuka kucheka na mtu wa duka la pili. Pikapu ikapanda baraza, ikapiga pembe ya nyumba. Ufa ulianzia chini ukapanda mpaka chumba cha juu wanacholala wanangu. Namshukuru Mungu barazani hapakuwa na mtu.

Siku ileile baada ya Alasiri akaja na ami yao na wazee wawili wa mtaa, wamebeba sahani ya halua na birika la kahawa. Kwetu watu wakija hivyo, jambo limekwisha. Ukikataa utaambiwa hukulelewa. Ami akasema, "Mwanangu, huyu ni nduyo. Msitiri." Nikasema nimesamehe. Hapo shemeji akatoa karatasi mfukoni. "Andika tu, shemeji, moyo wangu utue." Nikaandika kwa mkono wangu kwamba sina dai lolote kwake wala kwa gari lake, na wazee wakatia sahihi. Sikujiuliza mtu anayekuja kuomba radhi amebeba karatasi na kalamu ya nini!

Nilikuwa nikitegemea bima yangu. Nailipia nyumba kila mwaka, na akilini mwangu bima ni bima. Mkataba wenyewe sikuwahi kuusoma, niliufunga kitambaani nikautia kabatini kama hirizi. Basi nikaupeleka ofisini, na karani, dada mmoja wa Kigiriama mwenye subira, akanisomea polepole. "Bi, hii ni ya moto na wizi. Ukuta kugongwa na gari haumo." Machozi yakanilenga. Ndipo akaniuliza, "Na gari lililogonga lina bima gani?" Nikamwambia shemeji kila siku hujisifu ana bima kubwa. Akaweka kalamu chini. "Basi hiyo ndiyo ya kukutengezea ukuta. Bima kubwa hutengeza gari lake yeye, na pia hulipa mali ya mtu aliyoiharibu. Si yeye angelipa, ni kampuni yake."

Wasomaji, pikapu ile ina bampa mpya na taa mpya. Nilimfuata Marikiti, mbele ya wateja wake, nikamuuliza bampa imetoka wapi. Akababaika, akashika kitunguu akakiweka, mwisho akasema. Bima imemtengezea. Aliwaambia amegonga nguzo Majengo. "Ningetaja nyumba, shemeji, wangeleta polisi na wakaguzi, gari likae gereji mwezi mzima. Miye nala kwa gari hili. Na weye ulikwisha samehe."

Nilikwisha samehe! Nilidhani namsamehe asije akauza gari lake kunijengea. Kumbe nilimsamehe asichelewe kazini.

Karani anasema barua yangu ya msamaha ni kizuizi, lakini niende kwa kampuni ya bima ya shemeji na picha za ukuta, nieleze ile barua iliandikwaje, huenda wakaifungua kesi upya. Ila uongo wa nguzo utajulikana, na shemeji ataulizwa. Fundi naye ameegemeza boriti mbili kwenye pembe akaniambia mvua ya masika ikishuka hatoi dhamana. Watoto nimewateremsha sebuleni. Ami amenitumia salamu kwamba nikienda, nimeuvua nguo ukoo wao. Na shemeji kila asubuhi akipita hunipigia honi ya salamu, pi pi, kama hakuna lililotokea.

Jana nilimwambia mume wangu nimeamua kwenda. Akasimama chini ya ufa uleule, akaninyoshea kidole. "Ukienda kumchoma nduyangu, usirudi hapa."

Nisirudi hapa wapi? Hapa si kwa mamangu?

Mume nampenda, sikatai, na wanangu wanamhitaji baba yao. Lakini nyumba hii ikianguka, mimi sina nyingine. Nyinyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngeshika lipi? Nipeni shauri lolote, hata kali nitalipokea. Ila msiniambie nisamehe. Hilo nimeshalifanya, na ushahidi upo kwa maandishi yangu mwenyewe.