Udongo Usioshika Maji

Kwa mambo ya mchanga, kokoto na udongo, hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Shule niliiachia darasa la sita, nikaanza na wilbaro ya kuazima, na leo ukijenga hapa Migori, huenda msingi wako umekalia mchanga wangu. Nifumbe macho, nipe konzi moja tu, nitakutajia mto ilikotoka.

Kwa hivyo binti yangu aliponipigia simu kutoka Mombasa, anakofanya kazi, nilicheka. Alikuwa ameniachia mti wake. Ni ng'owo, mkuyu ule ule wetu mkubwa, ila huu ameudumaza makusudi kwa kuukatakata, kimo chake ni cha chupa ya chai na unaishi kwenye sahani ya udongo. Aliung'oa ukiwa mche kwenye ufa wa tangi la mama yangu, kule Homa Bay, wiki tuliyomzika mama. Boma lile sasa limefungwa. Kilichobaki hai kutoka pale ni huo mti.

"Baba, mizizi imejaa," alisema. "Ubadilishie udongo. Tafuta kitu chenye punje kama ndengu, maji yapite mara moja."

"Nyara, binti yangu, unamfundisha mvuvi wa Karungu kula omena?"

Nikachanganya kama ninavyojua. Mchanga safi wa ziwani, kokoto ndogo, na vumbi la mawe la kuziba nafasi, kwa sababu zege yenye nafasi ndani ni zege ya mwizi. Kisha nikashindilia kwa mpini wa nyundo. Kazi safi! Nikamwagia maji. Yakakaa juu yakinitazama. Kesho yake yalikuwa bado pale, na mbu wameshapanga chumba.

Majani yalipoanza kuwa manjano ndipo nikaelewa. Miaka yote nimelipwa kuziba nafasi, na huu mti ulikuwa unaomba nafasi tu.

Nikaung'oa, nikaosha mizizi, nikaifunga kwa gunia bichi. Nikaponda matofali ya yadi yangu, nikachekecha, vumbi nikatupa, punje nikabakisha. Punje za kupendeza, kama ndengu kabisa. Nikazijaribu kwenye karai lenye matundu. Nilipomwaga maji mara ya pili, zilikuwa uji. Matofali yale nilikuwa nimeyanunua kwa bei ya kutupa, nikijisifu nimemlalia mwenye tanuru. Kumbe moto yalikuwa yameuona kwa mbali tu.

Mvua ilikuwa imeshika, matanuru yote yamezimwa. Mizizi ilikuwa inaanza kuwa myeusi kwenye gunia. Matofali yaliyoiva niliyoyajua karibu yalikuwa kwenye nguzo ya lango langu mwenyewe. Niliyachagua moja moja kutoka katikati ya tanuru, meusi, ukiyagonga yanalia kama kengele ya kanisa.

Mke wangu alinikuta na patasi.

"Mzee, unabomoa nyumba?"

"Natoa matatu tu. Nguzo haitajua."

"Na lango limeshikwa na nini?"

"Mama, hii kazi naijua."

Nilitoa la kwanza. Nilitoa la pili. La tatu lilitoka lenyewe, likifuatwa na jamaa zake wote, na lango likalala barabarani polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Mwenye bodaboda aliyekuwa akipita alisimama. "Jaduong', mzee wetu, mchanga wako umekukataa?" Nilikuwa naokota.

Niliyaponda, nikachekecha mara mbili, nikaongeza vipande vya makaa na kokoto kidogo. Safari hii sikushindilia. Nilitikisa sahani tu, mikono ikiniwasha kwa hamu ya kugonga. Maji yalipita kabla sijaweka jagi chini.

Wiki tatu mti ulikaa uchi kama kijiti, na kila Jumapili binti aliomba kuuona kwenye simu, nami nikamwambia mtandao ni mbaya. Kisha chipukizi jekundu likatokea ubavuni. Nikampigia mwenyewe, asubuhi, simu ya video. Alijifuta macho. "Asante, Baba. Na huo udongo uliupata wapi?"

"Hapa hapa nyumbani," nikasema. "Haukunigharimu kitu."

Mke wangu, aliyelipa fundi, saruji na mchomeleaji wa lango, alisogea mbele ya simu akasema, "Shilingi elfu kumi na saba, mia nane na hamsini."