Viganja vya Wabangua Korosho

Kazi yangu ni kukagua hali za wafanyakazi, na naijua. Wanunuzi wa ng'ambo hawaridhiki na neno la mwenye kiwanda. Hutaka mtu wa nje aingie, aone, aulize, ndipo atie sahihi. Mtu huyo ni mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale, na sidanganyiki ovyo. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu hadi nilipokwenda kwenye ghala moja la korosho, upande wa Liwatoni.

Meneja alinipokea kwa kahawa na maneno matamu, kwamba kazi hii haimdhuru mtu. Akina mama walikuwa chini mikekani, wanabangua. Nikawaamkia mmoja mmoja, na kila niliyempa mkono alinipa kifundo cha mkono badala ya kiganja, ile desturi ya mtu mwenye mkono mchafu. Nikafurahi, nikasema moyoni, hawa wamefunzwa adabu. Hali? "Alhamdulillahi." Kazi? "Alhamdulillahi." Nikaandika: hakuna malalamiko. Mjinga mimi! Nani kwetu humwambia mgeni shida zake mbele ya mwenye nyumba?

Wa mwisho alikuwa bibi wa rika la mamangu. Nikainama nimbusu mkono, nikaushika wote. Akaruka.

"Aah! Polepole, mwanangu."

Nikakigeuza kiganja. Ngozi ilikuwa imebanduka, mafuta ya maganda yamemuunguza hadi nyama inaonekana. Nikawatazama wenzake. Wote walikuwa wameshaingiza mikono ndani ya leso.

"Usinitaje," akaninong'oneza. "Akijua, kesho sina kazi."

Wallahi nilipandwa na hasira, na nyingi zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe. Nikiandika maneno yake, atafukuzwa. Nikitia sahihi, wote wataendelea kuungua. Nikamwita meneja.

"Bwana, umeniambia kazi hii haidhuru."

"Haidhuru kabisa. Hawa wamezoea."

"Basi hebu keti hapa, ubangue kumi tu, kwa mikono mitupu. Ukimaliza, natia sahihi sasa hivi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akina mama wakaacha kazi, wakamtazama. Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akaokota korosho moja, akaigeuzageuza, akairudisha. Kisha akamwita karani wake.

"Niletee glavu."

Nikakata "hakuna malalamiko", nikayaandika mahali pake maneno hayo mawili vile vile alivyoyasema, nikaandika na cheo chake, nikatia sahihi.