Mtani Aliyemzika Mwanamaji wa Iyula

Iyula haina bahari, wala haijawahi kuiomba. Tuna kahawa, tuna mahindi, na tuna baridi ya asubuhi inayomfanya mtu mzima akumbatie kikombe cha chai kama mwanawe. Lakini mwanamaji tulikuwa naye. Mzee Nikodemo alitumikia jeshi la wanamaji huko Dar es Salaam mpaka akastaafu na usajenti wake, akashuka stesheni ya Vwawa na mke, watoto, masanduku na kopo la rangi ya kijivu, ile ya kupaka meli. Alilipataje, hatukumuuliza, na wewe usituchokoze. Mwezi haukuisha, milango yote ya nyumba yake ikawa ya kijivu, na mlango wa banda la kuku vilevile.

Alikuwa na vituko yule mtu, jamani. Uwanja wake ulifagiliwa kuku wakiwa bado wamelala. Miche ya kahawa kitaluni aliipanga kwa kamba, ukiitazama ungedhani inasubiri kukaguliwa. Akitaka kwenda dukani hasemi anatoka, anasema anashuka nchi kavu, na hashuki mpaka apate ruhusa kwa mkewe, Tabita, ambaye alikuwa amempandisha cheo mwenyewe akamwita Kapteni. Tabita angemjibu bila kuinua uso kwenye mchele anaochambua, kwamba ruhusa imetolewa na asirudi bila chumvi.

Sasa njoo kwenye hadithi zake. Jioni watoto wa majirani walijaa barazani kumsikiliza akipigana na dhoruba, akiwafukuza wauza magendo, akimtazama papa jicho kwa jicho. Papa mwenyewe alikuwa anakua. Leo ana urefu wa lori, kesho ana urefu wa lori na tela lake. Watu wazima tulisikiliza huku tukikonyezana, ila kitinda mimba wake, Shadrack, aliyameza yote mazima mazima. Kwake baba hakuwahi kuogopa kitu duniani.

Tabita ndiye aliyeujua ukweli, na ukweli ulikuwa kwamba Nikodemo alikuwa anatapika. Aliugundua zamani, walipokuwa bado wanakaa kambini, siku askari waliporuhusiwa kuwapandisha wake zao melini wakazungushwe kidogo. Tabita, binti wa milimani ambaye maji mengi aliyokuwa ameyaona ni ya kisima, alikaa zake kwenye sitaha akala chapati mbili na kuulizia ya tatu. Mumewe alikuwa upande wa pili, ameng'ang'ania chuma cha pembeni, anairudishia bahari chai ya asubuhi. Mwenzake mmoja akamwambia shemeji asihangaike, Niko ndivyo alivyo, meli ikishang'oa nanga tu basi. Tabita akaelewa kwa nini mfuko wa suruali ya mumewe haukosi kipande cha tangawizi.

Walipofika nyumbani alimuuliza kwa nini asiombe kuhamishiwa stoo au kwenye magari, maana jeshi si bahari peke yake. Nikodemo akatafuna tangawizi yake, kisha akamwambia, "Na zamu yangu akae nani?" Halafu akamsihi, karibu apige magoti, asije akawaambia watoto hata siku moja. Tabita akaahidi, na ahadi akaitunza, ingawa kila papa alipoongezeka urefu ilimbidi akohoe ili asicheke.

Kilichomwondolea kicheko ni mambo ya Shadrack. Kijana alipomaliza shule alikwenda kambi ya mafunzo ya jeshi, kijiji kizima kikimsindikiza kwa vigelegele, mtoto wa mwanamaji huyo anakwenda. Hata nywele alizonyolewa hazijaota, huyo amerudi. Walikuwa wameambiwa wavuke korongo kwa kamba, akatazama chini, miguu ikagoma, usiku akatoroka. Nikodemo hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia karibu nyumbani, akaingia ndani, na kwa muda mrefu baraza halikusikia hadithi. Shadrack akakichukulia kimya kile kuwa dharau. Akahamia Tunduma, akapata kazi ya kushughulikia makaratasi ya malori mpakani, akaoa, akajenga. Nyumbani alikuja Krismasi, akakaa mbali na baba yake, na baba akimwuliza habari za huko anajibu nzuri, basi. Na mtu aliyejua kimya kile kilikuwa cha nini alikuwa Tabita peke yake. Nikodemo hakumdharau mwanawe, alijionea aibu mwenyewe. Alimwambia mkewe kwamba anatamani kumweleza kijana, lakini ataanzia wapi, na yule papa ameshafika urefu ule?

Akafa hajaanza. Aliugua kifua wakati wa kuchuma kahawa, akaondoka taratibu, na sisi tukafunga maturubai na kuleta kuni.

Msibani kwetu mtu hashushwi kaburini mpaka wasifu wake usomwe, na aliyeuandika wasifu wa Nikodemo alikuwa Shadrack. Dada yake mkubwa, Recho, alipoupitia alishika kichwa. Dhoruba ilikuwemo, wauza magendo walikuwemo, na kulikuwa na sentensi inayosema marehemu katika maisha yake yote hakujua woga ni kitu gani. Recho akamletea mama habari chumbani, alikokuwa amekaa kwenye godoro na wanawake wenzake. Tabita akasikia sentensi ile ikamchoma. Aliona mwanawe anakwenda kumzika mtu asiyekuwepo, kisha arudi Tunduma na mzigo wake uleule, mwoga aliyezaliwa na simba, mpaka na yeye azikwe.

Angefanya nini? Mjane hasimami kuhutubia kaburini, na ahadi ni ahadi. Aliwaza sana. Ndipo akamsikia Ambakisye huko nje.

Ambakisye alikuwa mtani wa ukoo wa Nikodemo, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaanika hadharani aliyoyaficha, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye kosa. Tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la Nikodemo, anawakagua wapika ubwabwa na kuwaamuru wachimba kaburi wapige saluti. Tabita akaagiza aitwe. Wanawake wakasogea, mtani akachutama mlangoni, na mjane akamnong'oneza kirefu. Alikuwa ameahidi kutowaambia watoto, na Ambakisye alikuwa babu wa wajukuu saba. Mtani alipotoka, waliomwona wanasema alikuwa anajifuta macho, ila kwa mtani huwezi kujua.

Kaburini, pembeni ya shamba la kahawa, mzee wa kanisa Yesaya aliusoma wasifu kwa sauti ya kutetemesha majani. Alipofika kwenye mtu asiyejua woga, Shadrack aliinamisha kichwa. Yesaya akakunja karatasi, na hapo hapo Ambakisye akaruka juu ya lundo la udongo.

Alipiga saluti kwanza. Kisha akayumba kulia, akayumba kushoto, akashika tumbo, macho yakamtoka, akainama upande wa pili na kutapika kwa sauti ambayo ng'ombe wa jirani waliijibu. Akateremka kwenye udongo akitambaa. Akajifuta mdomo na mkono wa koti, akachungulia lundo kwa hofu kabisa, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akavuta pumzi, akapanda tena. Akayumba, akatapika. Akateremka, akatetemeka, akapanda. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mchungaji akafunika uso na kitabu cha nyimbo, mabega yakimchezacheza.

Shadrack hakucheka. Alikwenda hadi kwenye mkeka alipokaa mama yake, akachuchumaa mbele yake, amekunja ngumi. Akasema mzee anadhalilishwa siku ya kuzikwa kwake, na utani una mipaka.

Ahadi ikamfia Tabita hapo hapo, na wala hakuililia. "Ni kweli, mwanangu," alisema. "Baba yako alikuwa anaiogopa bahari."

Shadrack akamtazama kama hamjui. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza, "Siku za mwanzo?"

"Mpaka safari ya mwisho. Kila alipoamka kwenda zamu mikono ilimtetemeka, vifungo nilikuwa namfunga mimi."

"Na alikuwa anakwenda?"

"Alikuwa anakwenda. Na siku uliyorudi kutoka kambini alitaka kukwambia, akashindwa. Alilia, Shadrack. Alisema mtoto amechukua tumbo langu, hadithi zangu zimemponza."

Shadrack alibaki amechuchumaa. Vicheko vilikuwa vinapungua, maana watu walishaanza kuona kwamba mtani anapanda lile lundo mara nyingi mno kuliko utani unavyohitaji, na kila mara anapanda kwa shida zaidi, na bado anapanda. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Ambakisye alipowaona hivyo akadhani amechosha, akavua koti, akaliacha udongoni ili ampishe mchungaji.

Shadrack alisimama. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye udongo, na tukajua sasa mtani anapigwa, wawili wakajisogeza kuamua. Hakupiga mtu. Alimwokotea koti, akalikung'uta vumbi, akamvalisha yeye mwenyewe na kumfunga vifungo kimoja kimoja, machozi yakimtiririka bila kuyaficha.

"Mtani," alisema, "rudia hapo anapopanda tena."