Ndizi mbili kwenye giaboksi ya pikipiki ya Baba, na fundi aliyekiri

Nilisikia kwanza, ndipo nikaona.

Nilikuwa shambani kwetu Mitaboni napalilia maharagwe, mgongo nimeupa barabara, nikasikia kinu cha posho kikipanda kilima. Wiiiii, kisha krr, krr, kisha wiiiii tena. Nikajiambia kinu hakina miguu. Nikageuka.

Kwenye kona akatokea Baba, amekaa wima juu ya pikipiki yake, helmeti imemfika kwenye nyusi, na kelele yote ile inatoka chini ya miguu yake.

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa nyuzi zenu, leo ni zamu yangu. Nitasema yaliyotokea kama yalivyotokea, na yanayonitia aibu sitayaruka, maana bila hayo hakuna uzi.

Ilikuwa 2001, Kwaresima.

Baba alikuwa katekista. Kila Jumamosi alifundisha watu wazima kumi na wanne kwenye kanisa dogo la mabati upande wa pili wa vilima, wabatizwe Pasaka. Miaka yote alikwenda kwa miguu. Kisha goti likaanza kumsaliti, akakosa Jumamosi mbili, na parokia ikamwambia kwa upole kwamba akikosa moja tena darasa litafungwa hadi mwaka ujao.

Kulikuwa na bibi mmoja darasani aliyesema, "Mwaka ujao uko na wenyewe. Mimi niko na huu."

Baba alituletea maneno hayo nyumbani, akayaweka mezani pamoja na kitabu chake, hakula.

Ndipo akaamua kununua pikipiki ya second-hand. Na mimi, wakuu, ndiye niliyeichagua.

Nilikuwa nimesoma mekanika mwaka mmoja polytechnic kabla ya kuacha. Kwetu mwaka mmoja ulitosha niitwe fundi. Tulimkuta muuzaji Machakos mjini, bwana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Pikipiki ilikuwa ile aina ya zamani ya kuchanganya petroli na oili, yenye giaboksi inayotiwa oili yake peke yake.

Niliiwasha. Ilinyamaza vizuri, kama paka amelala.

Lakini klachi ilikuwa nzito. Na nilipofungua kifuniko cha oili ya giaboksi na kuinama, nilinusa kitu kitamu. Harufu ya ndizi iliyoiva.

Nikainua kichwa. Yule bwana akacheka, akamwambia Baba, "Huyu kijana wako ni fundi kabisa! Wengine hununua kwa rangi, huyu ananusa!"

Baba akanitazama. Nilimwona amejaa fahari hadi kwenye kola ya koti. Nikarudisha kifuniko.

Nikasema, "Baba, hii ni nzuri."

Wale mnaojua mekanika mmeshaelewa. Wengine subirini kidogo.

Kwa wiki tatu Baba alivuka vilima kama askofu. Kisha ikaja Jumamosi ile ya kinu cha posho. Alishuka, akaiegemeza kwenye mwembe, akavua helmeti. Nilingoja anigombeze. Yeye akasema tu, "Mutua, leo imeanza kuimba."

Na akaingia ndani akichechemea.

Angenigombeza ningelala vizuri.

Mafundi wa Mitaboni walikuwa wawili. Wa kwanza akasikiliza, akakaza mnyororo. Wa pili akasikiliza, akaulegeza. Kelele haikubabaishwa na hata mmoja wao. Jumanne nikaiendesha hadi mjini, nikipita vilima vyote vya Iveti huku mbuzi wakikimbia barabarani na akina mama wakisimama na majembe kunitazama. Krr, krr, wiiiii.

Nilikuwa nimeelekezwa kwa Fundi Juma, mtaa wa Waislamu nyuma ya msikiti. Nilipofika niliona miguu tu, imechomoza chini ya pick-up. Kabla sijazima, ile miguu ikaacha kutikisika.

"Zima hiyo kitu," sauti ikasema.

Nikazima.

"Washa tena. Tia gia ya pili."

Nikawasha, nikainua gurudumu la nyuma kwa stendi, nikatia ya pili. Ikalia.

"Zima."

Akatoka. Mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, kofia ya kufuma imeingia oili mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Hakunitazama. Aliizunguka pikipiki, akagusa tangi kwa kiganja, kama unavyomgusa mtu uliyemwona mara ya mwisho hospitali.

"Mmeinunua lini?"

"Karibu mwezi sasa."

"Na kuimba?"

"Jumamosi iliyopita. Ilikuwa imemaliza wiki tatu."

Akapiga mluzi. "Wiki tatu! Mimi nilihesabu moja."

Sikuelewa. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Akaosha mikono kwa sabuni ya unga, akaniambia, "Kaa hapo. Usiende," akaenda kuswali. Nilikaa juu ya tairi nikiyageuza maneno yale kichwani. Nilihesabu moja. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kata shauri.

"Kijana, ndani ya hiyo giaboksi kuna ndizi mbili na girisi. Ndizi inajaza nafasi kwa meno ya gia, kelele inakufa, mpaka ioze. Nilitia mimi."

Nilisimama. Spana ilikuwa karibu nami, na nakiri niliitazama.

"Wewe ni mwizi," nikasema.

"Pesa yenu sikuiona. Lakini ndio."

"Ulijua yule bwana anataka kuiuza?"

"Nilijua. Naweza kukuambia sikujua, lakini nilijua."

Wakuu, hapo ndipo hasira ilipokosa mahali pa kushika. Mtu anayejitetea unaweza kumpiga. Huyu alikuwa ameweka mikono chini, bado safi kwa maji ya udhu, ananingoja nimalize.

Nikamwambia habari za Baba. Goti, darasa, bibi asiye na mwaka wa kupoteza. Kwamba Jumamosi ilikuwa siku nne tu mbele.

"Mimi nilidhani atanunua mtu wa kubeba mkaa," akasema polepole. Kisha akatandika gunia chini. "Leta hiyo kitu hapa. Na uvue shati, utaosha vyuma."

Alipofungua bolti ya chini, ukatoka uji mweusi, mtamu, umeoza. Nikageuza uso. Yeye akadhani ni uvundo. Haikuwa uvundo. Ilikuwa ni kuitambua ile harufu.

Beringi moja ilikuwa imekwisha, gololi zikadondoka kwenye gunia kama mbaazi. Gia ya pili ilikuwa imepoteza jino. Beringi haikutusumbua. Fundi Juma aliisugua mpaka namba yake ikaonekana, akaenda kwenye debe la vyuma chakavu, akarudi na nyingine iliyotoka kwenye pampu ya maji.

"Hii ni ya pampu," nikasema.

"Beringi haina kabila. Iko na namba tu."

Niliendelea kuitumia kauli hiyo miaka mingi baadaye, hata kwenye mambo yasiyo ya vyuma.

Gia ndiyo ilikuwa kazi. Mjini haikupatikana. Ya aina hiyo ilikuwepo moja tu, ndani ya pikipiki mfu nyuma ya nyumba yake, na juu ya injini ya pikipiki hiyo, kwenye kiota cha majani na vitambaa, alikuwa amekaa kuku.

"Usiguse!" Mke wake, Mama Zuhura, alitoka jikoni na mwiko. "Huyo amelalia! Zimebaki siku nne!"

"Mama Zuhura, ni gia moja tu."

"Gia moja, mayai kumi na moja! Mwaka mzima hiyo pikipiki imekaa hapo huitaki, leo kuku amepata nyumba ndiyo umekumbuka gia?"

"Ni ya katekista."

"Hata ikiwa ya kadhi!"

Tulirudi mbele kimya, mwanamume mzima na mimi, tumeshindwa na kuku. Siku nne zilikuwa Jumamosi yenyewe, darasa limetupita. Jumatano nzima tuliosha vyuma vilivyokwisha takata.

Jioni Mama Zuhura akaniletea chai. Akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Huyo babako goti linauma upande gani?"

"La kulia."

"La mamangu lilikuwa la kushoto." Akasimama kidogo. "Alikuwa akienda msikitini kwa makalio, ngazi moja, ngazi moja. Hakutaka kubebwa."

Giza lilipoanza kushika, kuku anapokuwa mzito wa macho, nilimwona Mama Zuhura akimfunika kwa leso, akamwinua na kiota chake chote, akampeleka jikoni taratibu kama mgonjwa anayehamishwa wodi. Kisha akapaza sauti, "Haya, toeni hiyo gia yenu kabla sijabadilisha mawazo!"

Nimeshukuru watu wengi maishani kwa kadi na kwa hotuba. Mama Zuhura nilimwambia "asante" moja tu. Namwandikia nyingine hapa.

Ijumaa mchana pikipiki ilikuwa imefungwa tena. Fundi Juma alitia oili safi, akaweka bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini wake sikioni, kama daktari. Akanipa na mimi nisikilize. Nilisikia mvumo mmoja tu, umeshikana, wa vyuma vinavyofuatana bila kugombana. Sijasikia muziki mwingi uliopita ule.

Nilimuuliza anataka nini. Akatikisa kichwa.

"Kesho nitaipeleka na wewe. Lazima nimwambie mzee."

"Si lazima. Nitamwambia imepona."

"Nikiirudisha bila kusema," akanijibu, "hiyo ni ndizi ya tatu."

Somo, wakuu, nitaliweka hapa, kwa sababu kule mwisho halina mahali pa kukaa. Ukienda kununua chombo kilichotumika, fungua kila kifuniko na unuse, na ukinusa kitu usichokijua, sema sikijui, hata kama baba yako anakutazama kwa fahari. Hasa kama anakutazama kwa fahari. Na ukimpata fundi anayekuambia kosa lake mwenyewe, usimwache kamwe. Mimi kwa Fundi Juma nilikwenda miaka yote iliyofuata, mpaka nilipohamia Nairobi.

Na wewe uliyewahi kuuziwa chombo kilichonyamazishwa, au, tuseme ukweli, wewe uliyewahi kukinyamazisha, andika hapa chini. Hakuna atakayekupiga mawe kwenye uzi huu. Mafundi, nisahihisheni pia pale nilipokosea majina ya vyuma.

Sasa nimalize ile Jumamosi.

Tulifika nyumbani mapema, Juma akiendesha, mimi nyuma. Baba alikuwa mezani amevaa koti la darasa, kitabu mbele yake, fimbo kando, tayari kujaribu kwa miguu. Alituona tukiingia, akamkaribisha mgeni kwa Kikamba, na Juma, ambaye mama yake alikuwa Mkamba wa hapo hapo milimani, akajibu kwa Kikamba safi. Chai ikamiminwa.

Juma hakuigusa. Akasimama katikati ya sebule.

"Mwalimu, pikipiki yako imepona. Lakini ugonjwa wake niliuficha mimi."

Akaeleza yote. Ndizi, girisi, bwana wa shati jeupe. Hakupunguza.

Baba alikifunga kitabu chake. Kisha akasema, "Fundi, mimi si padri. Siwezi kukuondolea."

"Na mimi si Mkristo, Mwalimu. Sijaomba hiyo. Nimeomba ujue."

Baba akacheka. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikatikisa kikombe. "Basi nimejua. Keti unywe chai."

Juma akaketi. Nami nikajikuta nimesimama pale alipokuwa amesimama yeye, sijui ni nani aliyeniinua.

"Baba, hata mimi. Siku ile tukiinunua, nilinusa ndizi. Klachi nayo ilikuwa nzito. Nilijua kuna kitu na sikusema. Yule bwana alikuwa ameniita fundi mbele yako."

Juma aliacha kukoroga chai.

Baba alikipangusa kitabu chake kwa mkono wa koti, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Nilinusa pia," akasema.

"Nini?"

"Ndizi. Nilikuwa nimesimama karibu nawe, pua ninayo." Akaangalia dirishani, kule kwenye vilima. "Nilitaka kuuliza. Lakini ulikuwa umeshasema ni nzuri, na mtu wa nje alikuwa akisikia. Sikutaka uaibike. Na pia niliitaka sana ile pikipiki, Mutua. Goti lilikuwa linauma sana."

Watu watatu, ndizi mbili, na kila mmoja wetu alikuwa amezijua.

Baba alisimama. Akaweka kitabu ndani ya koti, akachukua helmeti. Fimbo aliiacha ilipokuwa, imeegemea meza. Akampa Juma mkono, akamwambia, "Nĩ mũvea mũno," ahsante sana, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa changu kwa nukta moja, uzito wake wote, kama anavyowafanyia wale wa kubatizwa.

"Wananingoja," akasema. "Malizeni chai."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayeacha watoto wamelala.