Injini ya Arcadio Pupo

Gari ni mali ya mwenye kadi. Mwenye kadi akishaliuza mbele ya mwanasheria na kutia saini, wajibu wake wote juu ya gari hilo unakoma siku hiyohiyo, naye yuko huru nalo moja kwa moja. Ndivyo linavyosema tangazo lililobandikwa kwenye ofisi ya usajili wa magari hapa Holguín. Arcadio Pupo alilijua kwa moyo, maana foleni ya pale ni ndefu na hakuna kingine cha kusoma.

Arcadio alikuwa na Chevrolet ya mwaka 1952, ya kijani cha ukutani, kwa kuwa rangi yenyewe ilikuwa ya ukutani. Mkewe, Nereida, alishatangulia ng'ambo, Montevideo, kwa binti yao Yanela, kulea mjukuu. Nauli ya Arcadio ilikuwa ndani ya gari hilo. Auze, afuate, basi.

Tatizo lilikuwa chini ya boneti. Injini ya asili ilikufa zamani, naye akaunda nyingine sebuleni, juu ya meza ya kulia, kwa sababu vitu vya uani huota miguu. Bloki ilitoka kwenye gari la Volga lililogongwa na treni ya miwa. Pistoni tatu zilikuwa za trekta, ya nne ya pampu ya kumwagilia mashamba. Urefu wake haukulingana, akazipeleka kwa mchonga vyuma zikapunguzwe vichwa. Uzito nao haukulingana, akazipeleka duka la mgao kuzipima kwenye mizani ya mchele, arudi nyumbani kuzipiga tupa, aende tena. Watu wa foleni walimtukana kila mara. Mtaa mzima unajua kwamba mizani ile ni mwongo. Arcadio alisema haidhuru, mradi inazidanganya pistoni zote nne kwa kiasi kilekile. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Gasketi aliikata kwenye sufuria ya shaba ya mama mkwe wake, aliyekuwa bado hai na bado akiitafuta.

Injini ikawaka, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Kila kipande kilichongwa kimfae jirani yake, na jirani huyo tu. Ukitoa kimoja ukaweka cha dukani, vilivyobaki vyote vinageuka chuma chakavu. Wanunuzi walikuja, wakasikiliza, wakatabasamu, wakauliza vipuri vinapatikana wapi, wakaaga.

Mwishowe akaja Obdulia Feria, mwenye magari matatu ya abiria waendao mji wa Gibara, pamoja na fundi wake, Bárbaro. Bárbaro akainama juu ya injini muda mrefu, kama daktari asiyetaka kuwa wa kwanza kusema.

"Mzee Pupo, humu ndani kuna pistoni za gari gani?"

"Unaulizia zipi?"

"Kumbe ziko za namna nyingi?"

"Tatu ni ndugu. Ya nne ni shemeji."

"Na huyo shemeji akipasuka?"

"Nachonga mwingine."

"Wewe."

"Mimi, nani tena?"

Bárbaro akajifuta mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu. "Mama, injini hii ni nzuri kuliko zetu zote. Mimi siigusi."

"Basi nalichukua pamoja na fundi wake," akasema Obdulia.

"Fundi hauzwi, mama," akasema Arcadio.

"Nani kasema nakununua? Nakuajiri. Uendeshe, ukarabati. Nusu ya bei nakupa tukitia saini, nusu gari likimaliza mwaka bila kulala njiani."

"Mwaka mzima? Mke wangu ananingoja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Basi huyo kashazoea."

Arcadio aliitazama injini. Nusu ya bei isingemfikisha hata nusu ya safari. "Na mwaka ukiisha?"

"Tutaangalia linaendeleaje."

Bárbaro akacheka, si kwa ubaya. "Litakuwa linaendelea vizuri tu. Hapo ndipo ulipojimaliza, mzee wangu. Ungetengeneza ovyo kama sisi, saa hizi ungekuwa angani."

Jioni ile Arcadio alishika spana, akafungua boneti, akasimama. Kulegeza nati moja kungetosha kuiua. Lakini injini ikifa, nusu ya pili imekufa nayo. Ikiishi, Obdulia hatamwachia. Akaigusa nati. Ilikuwa imelegea kidogo. Akaikaza.

Saini ziliwekwa Ijumaa. Nereida akapiga simu.

"Baba Yanela, umeuza?"

"Nimeuza."

Upande wa pili akapiga kigelegele, mtoto akaanza kulia. "Basi nimwambie Yanela akutandikie kile chumba cha nyuma!"

"Mwambie asiharakishe."

"Asiharakishe nini? Si umesema umeuza?"

"Nimeuza, mke wangu. Nimeuza kabisa."

"Sasa mbona sauti hiyo?"

"Laini mbaya," akasema Arcadio, ingawa simu siku hiyo ilisikika kama wako chumba kimoja.

Jumatatu alfajiri alikuwa nyuma ya usukani, gari limejaa, akielekea Gibara. Kwenye mfuko wa shati lake ilikuwamo kadi ya gari, yenye jina la Obdulia Feria.